Ulikuwa Unatazama Wapi, Tata?

Mpendwa Tata, baba yangu,

Kesho asubuhi baraza la kata linakuja kibanjani kwetu Muleba, kwenye shamba letu la migomba, nami nimeshuka leo kwenye basi la Bukoba. Tulipomaliza tu matanga yako, jirani wa upande wa chini aling'oa milamula yote, ile mimea ya kuonyesha mpaka, akapanda migomba yake. Anasema mpaka ulikuwa huku juu. Wakimkubalia, kaburi lako litakuwa kwake. Hebu fikiria!

Unaikumbuka ile kazi yangu ya Bilele, kule Bukoba mjini? Programu ya kupunguza uzito wa picha ili zipite hata mtandao ukiwa dhaifu. Inaacha safi pale macho ya watu yanapotua, kwingine kote inafifisha. Ulipokuja kunitembelea nilikukalisha mbele ya kompyuta, kamera ikafuata macho yako. Picha ilikuwa ya maharusi uani. Kila mtu alitazama sura zao. Wewe ukaenda moja kwa moja nyuma, kwenye mlamula.

"Tata, maharusi huwaoni?"

"Nimewaona. Hao hawahamishwi usiku."

Wenzangu walicheka mpaka basi, kisha wakafuta majibu yako, eti yanaharibu wastani.

Sasa nani anacheka? Simu yako iliyokuwa na picha zenyewe ilishakufa. Picha pekee ya uani iliyobaki ni ile Mama aliyokupiga Krismasi, umesimama kizingitini, mkanitumia kwa programu yetu hiyo hiyo. Kila unywele wa ndevu zako unaonekana. Milamula imekuwa uji wa kijani. Nililia kwa hasira, Tata.

Mama akaninyang'anya simu, akakodoa macho. "Mbona hanitazami mimi niliyempiga?"

Kweli! Umegeuza shingo, na macho yako, safi kabisa, yanatazama chini kushoto, kwenye kona ya mpaka. Mama akaenda kusimama kizingitini pale pale, akageuza shingo vilevile, akanyoosha kidole: mlamula wa kona ulikuwa pale. Jirani aling'oa kwa haraka, na mlamula wa miaka yote ile hautoki na mizizi yake yote.

Kesho nitawaomba wazee wa baraza wachimbe hapo, katikati ya migomba yake, watu wote wakiona. Tusipokuta mzizi, tumekwisha. Naogopa. Nakuomba kitu kimoja tu, Tata: siku ile isiwe ulikuwa unatazama kuku.

Lala hapo hapo ulipo. Hatukuhamishi.

Binti yako wa mwisho