Sweta Niliyoigawa Kabla ya Viza

Mjukuu wangu Neema,

Huku Matembwe hatujambo, ila baridi imekaza na bibi yako hatoki jikoni. Barua yako imenishtua. Unauliza kama tukuage kabla viza ya masomo haijatoka.

Mimi niliagwa hivyohivyo ujanani. Nikagawa sweta, blanketi, hata jembe. Ubalozini wakaninyima viza. Niliporudi nikaishia Makambako, nikajificha kwa rafiki wiki nzima kwa aibu.

Nilipofika nyumbani nilipigwa na butwaa. Hakuna aliyenicheka. Kila mmoja alinirudishia nilichompa, na jirani aliyechukua jembe alikuwa amelinoa.

Basi njoo tukuage, mjukuu wangu. Utakachogawa tutakutunzia.

Babu yako