Ichoshe, Si Ioshe

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikaiweka kalamu chini, maana ni mara ya kwanza nakuamkia bila kusikia "Marahaba, mama" yako. Uliniita mama tangu nikiwa na kamasi, kwa kuwa nilirithi jina la mama yako, na hukuacha hata nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe.

Siku tulipoanua matanga yako, watani zetu wa Kihehe walifanya yao. Mwanamke mmoja mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alivaa koti lako la mvua, akajipaka masizi kwenye meno mawili ya mbele ili aonekane kibogoyo, akanyanyua sufuria juu na kuizungusha. "Mama! I-hoshe! I-hoshe vizuri, wageni wanakuja!" Mwenzake akajifanya mimi. Akaipokea sufuria, akaisugua kwa mchanga huku akitikisa makalio. Watu walishika mbavu. Mama, ambaye tangu ulipofariki alikuwa hajafungua kinywa ila kwa kunywa uji, alicheka mpaka machozi. Na mimi nilicheka.

Ndiyo sababu ya barua hii, Baba. Naona aibu kwa kicheko kile, na iliyo nyuma yake ni aibu kubwa zaidi. Nimeamua iwe barua ya wazi, isomwe na kila aliyecheka siku ile, kwa kuwa uongo wenyewe umesimuliwa wazi miaka yote hii.

Unakumbuka ulivyoanza kuijenga? Ulikuwa umestaafu jeshi, una kibanda chako cha kutengeneza baiskeli, na jioni ukishafunga ulikaa nyuma ya nyumba yetu pale Ruhuwiko na kisu, koleo na vipande vya debe. Majirani walidhani unatengeneza karai. Kumbe ni mfano mdogo wa helikopta ya jeshi, ile ya tumbo pana na milango ya kusukuma pembeni, iliyokuwa ikibeba majeruhi wakati wa vita vya Kagera. Hukuwa na picha wala mchoro. Ulisema uliwahi kuipima kwa hatua, kutoka puani mpaka mkiani, siku moja ukiwa zamu ya ulinzi na huna la kufanya. Hatua moja ukaigeuza upana wa kidole kimoja.

"Kidole cha nani?" nilikuuliza.

"Changu. Aliyeipima si mimi?"

Mapanga ya juu uliyakata kwenye bati na kuyakaza kwa vijiti vya mwavuli. Ripiti, vile vichwa vya misumari inayounganisha mabati ya ndege, ulizipiga moja moja kwa ncha ya msumari, kutoka upande wa ndani, hadi bati likaota chunusi zilizopangwa mstari. Vioo ulivitoa kwenye picha ya eksirei ya kifua cha Mama, uliyoiloweka maji ya moto mpaka mbavu zikafutika. Mama alipolalamika kwamba umemng'oa mbavu, ulimjibu kwamba ubavu kwa asili ni mali ya mwanamume, umechukua chako tu. Hakukuandalia chai siku hiyo.

Ulipoipaka rangi ya kijani nikajua umemaliza. Ilipendeza sana. Kesho yake nikakukuta unaikwangua kwa waya.

"Baba, unaiharibu!"

"Naichosha. Ndege ya vita haiwi hivi, mama. Hii haijamwona mtu bado."

Neno lako hilo, kuichosha, liliingia nyumbani kwetu kama jina la kazi. Leo naichosha mkia. Kesho namalizia tumbo. Ulichekecha udongo mwekundu wa uani kwenye kipande cha khanga, ukauchanganya na mafuta ya taa, ukaupaka kisha ukaufuta, ukabaki kwenye mishono tu. Masizi ya koroboi uliyaweka nyuma ya injini, pale moshi unapotokea, yakafifia kuelekea mkiani. Kutu ulikuwa ukiitengeneza kwa majani ya chai yaliyochemka mpaka yakawa meusi. Mimi nikadhani ni kupakapaka tu. Nilichovya brashi nikapaka vumbi juu ya paa, na wewe ukanishika mkono.

"Huko nani alikanyaga?"

"Hakuna."

"Basi usiweke. Uchafu una mwenyewe. Weka pale alipopita mtu."

Kwa hiyo kizingiti cha mlango kilikwanguka kwa sababu ya mabuti, na chini ya tumbo kulikuwa na vumbi kwa sababu ya kutua. Chini ya mlango wa kulia, ulichonga kijiti cha kiberiti, ukakichovya kwenye ile chai nyeusi, ukachora mistari minne midogo na alama ya dole gumba. Baadaye ndipo ukaniambia kwamba huo ni mkono wa Mbawala, mwenzako wa Madaba. Mlikuwa mnampandisha, ameumia tumboni, akashika ukingo wa mlango hapo. Mkamwambia aachie ili mmwinue, hakuachia. Ilibidi mmfungue vidole kimoja kimoja. Alikata roho kabla ndege haijatua, akazikwa hukohuko Kagera. Mama yake alipelekewa habari tu. Hakuona mwili wala kaburi, na kila ulipopita Madaba alikuuliza swali lilelile: mwanangu alishika nini mara ya mwisho? Ulishindwa kumweleza kwa mdomo. Ndiyo maana uliijenga. Ulikuwa unamjengea yeye, ili umpe.

Hayo yote niliyajua, Baba. Nataka ieleweke kwamba niliyajua.

Sasa nifike kwenye posa yangu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kinaingia, na watu wa mchumba wangu walikuwa na duka la vyombo Mfaranyaki. Nilikuwa nimeshaingia sebuleni kwao mara moja. Makochi yao yalikuwa bado kwenye nailoni. Chupa za chai zenye maua zilipangwa kabatini, redio ya kaseti ina taa mbili, na mama mkwe alifuta meza kabla yangu na baada yangu. Nilirudi nyumbani nikaanza kuyaona mambo ambayo nilikuwa nimeishi nayo miaka ishirini. Viti vyetu vimetoboka. Ukuta umechubuka. Na katikati ya kabati, juu ya kitambaa alichofuma Mama kwa mkono wake, kuna dude limekwanguka, lina masizi na matope, ndilo la kwanza mgeni kuliona. Nilikuonea aibu. Siyo ile helikopta tu. Wewe, na koti lako, na pengo lako la meno uliyoyaacha mteremkoni ulipoanguka na baiskeli.

Wageni walikuwa waje Jumamosi. Wewe Alhamisi ulikwenda Madaba kumchukua mama yake Mbawala, kwa sababu mbili. Ya kwanza, bibi zangu wote walikuwa wameshatangulia, na ulisema binti haposwi nyumba isiyo na bibi. Ya pili ilikuwa helikopta. Ilibaki sehemu ndogo upande wa kushoto, na ukaniagiza mlangoni niimalizie: niichoshe.

Niliiosha.

Nilichukua beseni, maji ya moto, sabuni ya unga na stiliwaya ya kusugulia sufuria. Vumbi lilitoka upesi, maana lilishikwa na mafuta ya taa tu. Masizi yalikaidi kidogo. Kwenye ule mkono nilisimama. Nisiseme nilipitiwa. Nilisimama na stiliwaya mkononi, nikaangalia ile mistari minne, nikajiambia kwamba doa moja likibaki peke yake litaonekana zaidi. Nikasugua. Kisha nikaipaka mafuta ya mgando ili ing'ae, nikairudisha kabatini. Mama alikuwa jikoni anapepeta mchele, hakujua. Nilipoitazama, Baba, nilifurahi.

Jumamosi mama mkwe aliingia, macho yake yakaenda palepale. "Jamani, kitu kizuri hiki! Mmeagiza Dubai?" Nikatabasamu nikainamisha kichwa, kama mwali anavyotakiwa, na kila mtu akaelewa anavyotaka. Wewe ulikuwa unaingia nyuma yao, umemshika mkono yule bibi. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu vya kuazima. Ulimpeleka moja kwa moja kabatini kabla hajakaa.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo hii, mama."

Akapitisha kidole kwenye mlango. Akakirudisha. "Njiani umesema kuna mkono. Uko wapi?"

Uliitazama ile helikopta, halafu ukanitazama mimi. Sijui ulinitazama kwa muda gani. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la soda. Nilikuwa nasubiri unitaje, na mshenga alikuwa amekaa palepale, kofia magotini.

Ndipo ukacheka. Ulifungua mdomo wote wakaona pengo. "Meno yangu haya, jamani! Nilimwambia binti ichoshe, yeye kasikia ioshe. Ningefanyaje? Ch yenyewe inatokea pembeni."

Walicheka. Mama mkwe ndiye aliyecheka kuliko wote, akasema basi mwanawe amepata mke msafi. Posa ikapita vizuri. Bibi peke yake hakucheka. Aliweka vidole vyake chini ya mlango, akakuuliza, "Hapa?" Ukasema, "Hapo." Akaviacha hapo mpaka soda zikaisha. Jioni, ulipomfungia ile helikopta kwenye shuka aende nayo, aliisukuma taratibu ikakurudia.

"Hii ni mpya, baba. Mwanangu hakupanda mpya. Kaa nayo."

Akarudi Madaba mikono mitupu. Mwaka uliofuata akafa, nawe ulikwenda kuzika. Ulipotoka huko uliichosha upya: mkia, tumbo, kizingiti. Mlango wa kulia hukuugusa. Nilikuuliza kwa nini, nikijifanya mtu wa nia njema, nawe ukasema tu kwamba ule uliuchora siku ulipoukumbuka, na haukumbukiki kwa kutaka.

Hadithi ya meno ikaenea. Uliisimulia kwenye harusi yangu, na mume wangu akaipokea akawa anaisimulia kwa kila mgeni. Kibandani kwako wateja walikuwa wanakuambia, "Mzee, nichoshee baiskeli," na wewe unacheka nao. Ulipopata fedha kidogo za korosho za mjomba ulitaka kwenda kuweka meno ya bandia, na Mama akasema usiyaweke, yataua utani. Ukaacha. Umekula mahindi ya kuchoma kwa upande mmoja wa mdomo mpaka umekufa, na mimi nilikuwa nakutazama.

Mara ngapi nilitaka kusema! Kila nikija Ruhuwiko nilijipanga njiani. Nikifika unaniuliza habari za wajukuu, unanitafutia kiti kisichotoboka, na mimi nakunywa chai naondoka. Nilijidanganya kwamba umesahau, au kwamba kweli uliamini ni meno. Nilitaka sana uwe umeamini. Kwa sababu kama uliamini, basi nilimdanganya mzee mmoja tu, na dhambi hiyo niliweza kuibeba. Hata padri nilimwambia hivyo kitubioni: nimemdanganya baba yangu. Alinipa malipizi mepesi.

Lakini siku ya watani, yule mwanamke alipopaza sauti, "I-hoshe!", na mwenzake akachukua sufuria bila kujibu neno, nilihisi kitu kimeruka. Waliigiza ulivyosema wewe. Mimi hawakunipa maneno, kwa sababu katika hadithi yako hukunipa maneno. Usiku wa matanga ulipita, wageni wakaondoka, na mpaka leo nipo na kile kipande cha hadithi ulichokiacha nje kwa makusudi.

Alhamisi ile ulikuwa umesimama mlangoni na mfuko begani. Ulisema, "Upande wa kushoto, mama, ichoshe kabla wageni hawajaja." Na mimi nikakujibu, "Haya Baba, nitaichosha." Ukasema, "Vizuri," ukaondoka. Nililitamka neno hilo mwenyewe, lote, kwa meno thelathini na mawili, na wewe ulilisikia.

Kwa hiyo ulijua. Tangu uliponitazama na sinia langu, ulijua.

Lala, Baba. Nitakapokwenda Madaba kuwaambia ndugu zake Mbawala, nitasema hivi hivi nilivyoandika hapa. Meno yako hayakukosa kitu. Aliyesikia vizuri, akaosha, akanyamaza, ni mimi,

binti yako uliyemwita mama.