Mkono wa Kulia wa Sweta

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili

Mwanangu mpendwa, Mwalimu wangu,

Salamu kwanza, maana habari bila salamu ni kuingia bila hodi. Hujambo? Unakula vizuri? Baba yako mzima, magoti tu ndiyo yanamgombeza asubuhi. Dada yako mzima, mwanawe sasa anatambaa mpaka kwenye majivu. Shangazi yako mzima, na mdomo wake mzima kuliko yeye. Bibi yako amebaki na sikio moja, ila jina lako analisikia kwa yote mawili. Mimi sijambo.

Barua yako imefika, na picha ndani yake. Tumeshukuru kukuona umerudi darasani baada ya vita. Ulikwenda nchi ya watu kushika chaki, wakakupa machela ubebe majeruhi. Shangazi yako alisema, “Vita si vyake, kiherehere cha nini?” Nikamwambia, “Wifi, aliokuwa akiwabeba ni wanafunzi wake wa jana. Angemwachia nani?” Akavuta ungo, akaanza kupepeta mchele uliokwishapepetwa.

Lakini mwanangu, kusoma ulinifundisha wewe, kwa mkaa, nyuma ya mlango wa jikoni. Mwandiko wako naujua kama sauti yako. Huu wa sasa umelala, herufi zinasukumana kama watoto mlangoni. Na kwenye picha koti umelitupia begani kulia, chaki iko kushoto. Baba yako anasema hayo ni mapozi ya wasomi. Nikamwacha. Juzi nimemkuta chumbani anajaribu kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja.

Siulizi ili nikulilie. Nikilia nitalilia jikoni, moshi ndio utakaosingiziwa.

Ulisema baridi ya huko haina adabu, basi nakufumia sweta. Kifua tayari, mgongo tayari, mkono wa kushoto tayari. Wa kulia nimefika kwenye kiwiko, nimesimama. Sitaki ukuning’inie ovyo mbele ya wanafunzi, wala sitaki ukupungukie.

Wote niliowataja wanakusalimu, hata hayo magoti. Mungu aliyekutoa kwenye moto asikuache kwenye baridi.

Jibu upesi, baba, wala usihangaike kutafuta maneno. Niambie tu niendelee kufuma, au nifunge uzi hapa nilipofika. Vyovyote utakavyosema, sweta itakuenea.

Mimi niliyekuzaa, sindano bado zi mkononi,
Mama yako