Mtakatifu Wetu Kanisani Kwao

Dorianne, nimefukuzwa kanisani. Mimi na mahujaji wote wa Poland ninaowaongoza.

Tulikuwa kwa Mtakatifu Lusia, parokia ya ng'ambo ya uwanja, wapinzani wetu wa sikukuu za watakatifu. Nikafunga sala, ulimi ukateleza kwa mazoea ya parokia yetu ya Yosefu: "Mtakatifu Yosefu, utuombee." Kundi zima likaitikia kwa sauti.

Mzee Salvu, msakristia wao anayetunza kanisa, akazima taa. Akazima taa, shoga. "Mchukue seremala wako mtoke."

Eti kwanza niombe radhi. Nikamwambia, "Mzee wangu, huyo seremala ndiye aliyemlea huyo mnayemwabudu humu."

Akaenda kutufungulia mlango tutoke.

Malta nzima ishajua. Poa. Kesho nina kundi jingine, nalipeleka palepale, na skafu yetu ya bluu ya sikukuu ya Yosefu nitaivaa shingoni.