Hodi ya Tanuri

12 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Ngo, ngo, ngo. Nimeamka na sauti hiyo: nondo yako ikigonga mlango wa tanuri kabla hujachungulia ndani, nawe ukisema "hodi" kama mgeni. Nilikuwa mdogo, nimekuletea chakula kazini, nikauliza kwani moto huitikia? Ukakohoa badala ya kunijibu.

Mimi sijambo. Mwenge wetu wa plazma umewaka. Umeme unapita ndani ya gesi mpaka gesi yenyewe inakuwa moto, mkali kuliko wa mafuta, wala hakuna moshi. Vidonge vya madini ya chuma tulivyovichoma humo vimeiva vizuri. Viwanda viwili vinafikiriwa kuupokea kwanza, na kimoja ni chenu. Kifua kinaendeleaje?

Bintiyo

1 Machi

Kwako mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Mwenge usio na moshi! Wenzangu wanasema huo si mwenge, ni balbu iliyokasirika. Nimewaambia ngojeni, binti yangu anakuja kutuosha pua.

Yale mafuta ya mimea tuliyojaribu kuwashia tanuri yamekwisha na hayaletwi tena. Yalinukia kama jikoni, zamu nzima tunashinda na njaa. Tumerudia mafuta mazito, yale meusi. Daktari anataka niache kazi. Nimemwambia nitaacha siku nitakayoubishia hodi mwenge wako. Mtu hamwachii jirani kumpokea mgeni wake.

Baba yako

9 Machi

Baba, shikamoo.

Miaka yote unaniandikia "mimi ni mzima wa afya". Safari hii umeandika "mzima" tu. Nimeisoma barua tena na tena nikitafuta hiyo afya ilipodondokea. Daktari amesema nini hasa?

Na usiusubiri mwenge. Kiwanda chenu hakina umeme wa kutosha. Laini mpya ya umeme haitafika mwaka huu, pengine hata mwakani. Nenda nyumbani, nakuomba.

Bintiyo

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa jirani. Mimi nasema, yeye anaandika, maana nikikohoa kalamu inanitoka. Daktari amesema mapafu yamejaa masizi, na kila zamu inayaongezea. Haya, umeshajua.

Laini itakuja. Hata ikichelewa, nipo. Nimekuogesha, nimekusomesha, leo nishindwe kukungoja? Usinihurumie kama mtoto. Jirani anacheka hapa, anasema mimi ni mbishi kuliko moto wenyewe. Namwambia moto ndio ulionifundisha.

Baba yako

15 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua zangu mbili hazijajibiwa, na jirani naye kimya. Hali yako siulizi tena, naogopa jibu. Yangu siwezi kuieleza.

Wakubwa wangu waliniachia mimi niamue mwenge uende wapi. Kiwanda kile kingine kina umeme tayari, na hiyo ndiyo sababu niliyowaandikia. Ni ya kweli, lakini si yangu. Mimi nilikuwa namwona mtu anayevuta moshi mweusi kila siku akingoja zawadi ya binti yake, na nikaelewa kuwa zawadi yenyewe ndiyo inayomuua. Mwenge ungekuja mwakani, wewe ungengoja mpaka mwakani. Ungekuja baada ya miaka kumi, ungewaambia wakuzike getini.

Najua wenzako watabaki na yale meusi. Wana vifua na wao. Niliwafikiria mmoja mmoja, Kipara, Bwana Redio, yule mnayemwita Shemeji wa Wote, na bado mkono wangu haukusita. Nilisomea moto huu kwa ajili ya kifua kimoja, na hicho kimoja ndicho usichokifikia.

Jana mwenge ulipakiwa. Nilisimama getini mpaka lori likakata kona. Hauji kwenu, Baba. Hakuna mgeni wa kumpokea. Itundike nondo.

Bintiyo