Simu Iliyowaka Mezani

Dada yangu Ljubinka,

Pokea salamu zangu na za mama. Sisi wazima, ila goti lake linamsumbua tangu mvua zianze. Na wewe je, kile kikohozi kimekuachia? Barua hii imo chini ya chupa za pilipili za kusaga. Boksi nimemkabidhi dereva wa basi mkononi. Najua utacheka: Verica, mtu wa kuandika kwa kalamu!

Uliponifungulia ile barua pepe ya siri, uliniapisha kwamba vipimo vya maji ya mto wetu nivipokee humo tu, ndipo nimpelekee mwandishi wa gazeti. Dada, ilinichosha! Neno la siri refu kama treni, na ujumbe ukiingia haikuambii kitu. Nikaifanya itume nakala kwenye programu yangu ya zamani, ile inayoonyesha ujumbe kwenye skrini hata simu ikiwa imefungwa. Sikukwambia.

Siku ya mtakatifu wa ukoo wetu, Radoman, baba wa ubatizo wa Uroš wangu, alikaa palepale anapokaa kila mwaka. Nawe unajua ndiye mkuu wa ulinzi kiwandani kwenu. Nilikuwa nakata mkate, simu iko kando ya glasi yake ya pombe kali ya rakija. Ikawaka. Ilisomeka wazi kwamba sumu mtoni imepanda mara tisa, vipimo vya maabara hivi hapa. Afadhali hukuweka jina.

Radoman aliweka uma chini. Akaniuliza taratibu, Mama Uroš, nani huyo wa maabara? Nikasema ni matangazo tu. Akasema nisimfanye mtoto. Nimtajie, la sivyo ataanza na dada yangu. Wageni wanaimba, mimi namwaga supu.

Juzi umeniandikia kwamba Vidoje, mwenzako wa maabara, amefukuzwa kazi, maskini hata hajui maji yalipimwa lini, na kwamba aliyemchongea hana utu.

Ni mimi, dada. Jina lake ndilo lililonijia, kwa vile umenisimulia vichekesho vyake mara nyingi. Nililitamka mshumaa wa sikukuu ukiwaka. Ijumaa anapelekwa mahakamani. Nikienda kusema si yeye, wataniuliza ni nani, na Radoman hatakosa jibu. Naogopa, na naona aibu kukuambia kwamba kila usiku tangu siku ile nimelala usingizi mzuri.

Dereva anarudi huku kesho saa nne asubuhi. Mpe jibu, neno moja tu. Ukisema nikaseme, nitakwenda.

Mama anakusalimu sana, hajui lolote. Chupa mbili zenye kifuniko chekundu ni za Vidoje na watoto wake. Kama huwezi kumwambia zimetoka kwa nani, zirudishe.

Mdogo wako,
Verica