Mistari Minne Aliyoikata Meneja Wako

Dada Kabula,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na hilo nalo linanikasirisha. Uliniambia mtu mwenye hasira aandike polepole. Nimejaribu. Kalamu imeshatoboa karatasi mara mbili.

Siku ya mazishi yako nilisoma uongo mbele ya watu. Nilisimama kando ya jeneza, kwa babu zetu Sengerema, nikasoma wasifu wako, na nilipofika kwenye kazi yako nikasema, "Alishirikiana vizuri na watu wote." Wewe! Wewe uliyegombana na nusu ya Mwanza.

Sikuandika hivyo. Niliandika mistari minne kuhusu kile kiwanda cha minofu, kwamba ulikataa kusaini mkopo wao mpaka wachimbe bwawa la kusafishia maji machafu, kwa sababu mfereji wao unamwaga damu na mafuta ya sangara pale pale kina mama wanapochota maji. Meneja wako wa benki aliomba kuiona karatasi, eti ahakikishe cheo chako. Akatoa kalamu mfukoni, akaikata mistari yote minne, taratibu, kama mwalimu anayesahihisha insha. Juu yake akaandika ya kwake. Nilimtazama Baba mdogo. Akaninong'oneza, "Mwanangu, hawa ndio waliotupatia lori na jeneza. Leo si siku ya ugomvi." Nami unanijua, hata darasani nikiwa na jibu sinyoshi mkono. Nikasoma walichotaka.

Nakumbuka uliporudi kutoka Uholanzi. Serikali ilikuwa haiajiri tena, inapunguza. Ulipotuambia umepata kazi kwenye ile benki mpya ya wageni, Baba aliweka kijiko chini. "Miaka minne umesomea maji, leo unakwenda kuhesabu noti?" Ukamjibu, "Baba, kiwanda hakimsikilizi bwana samaki wa serikali. Kinamsikiliza anayekikopesha." Kazi yako ilikuwa kuangalia kila mkopo utaliacha ziwa katika hali gani. Ukawa unaondoka asubuhi na sketi ya ofisini, na mabuti ya mvua kwenye mfuko wa plastiki. Watoto wa Nyakato wakakuita Bibi Matope, nawe ukaitika.

Siku za Jumamosi ulinichukua twende wote. Tulichuchumaa kwa Mama Tabu, anayekausha mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani, chini ya ule mfereji. Wewe uliuliza habari za watoto kwanza, maji baadaye, mimi nikashika daftari. Siku moja nilipamba maneno yake ili yasomeke vizuri. Ukasoma, ukanirudishia. "Andika anavyosema yeye. Usimrembe."

Na wewe pia nimekukasirikia. Ulikuwa na homa siku tatu, ukatuficha, ukaenda kupima maji. Mama alipogundua na kukuzuia mlangoni, ulimwambia, "Wakinikosa kazini watasaini." Ulijua. Ulijua, basi kwa nini hukukaa kitandani ukapona, ukaenda kupigana nao ukiwa mzima? Ona sasa. Wamesaini. Jengo jipya la kiwanda limeshafika kwenye lenta na arobaini yako haijafika. Bwawa hakuna. Nimezunguka ukuta wote nikitafuta hata shimo. Mlinzi akaniuliza natafuta nini, nikasema nimepoteza kitabu. Na mtaani, ukigusia mfereji tu, unaambiwa unafukuza mwekezaji.

Juzi Mama Tabu aliniita. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Bwawa litachimbwa lini? Maana dada yako alisema." Akanifungia mapanki mawili kwenye gazeti, akasema ni pole ya msiba. Nililia njia nzima mpaka nyumbani.

Mabuti yako bado yako mlangoni. Baba hataki yaguswe, hata matope yake hataki yafutwe.

Jumamosi ndiyo arobaini, tutaifanyia hapa Nyakato. Meneja atakuja. Baba mdogo ameniomba nisome tena wasifu kwa kuwa, anasema, mara ile nilisoma vizuri. Karatasi ninayo, Dada. Alikata kwa wino mwembamba, kila neno linasomeka. Kila jioni nakwenda nyuma ya lile jiwe kubwa la mtaani kwetu, naisoma ile mistari kwa sauti. Nikifika kwenye neno "alikataa" nakwama, narudia tangu mwanzo. Nimemwomba Mama Tabu akae mbele, nimtazame yeye, nisimtazame mtu mwingine. Amesema atakuja na wenzake wote wa mapanki.

Sauti ikitetemeka, itetemeke. Wakitaka gharama ya lori lao, na waidai. Nakuahidi nitaisoma yote minne, kama nilivyoiandika.

Lala salama, Dada. Sitakuremba.

Mdogo wako,
Minza